Kagueni Mche Kabla ya Kuulipia
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vinavyopanda miti)

Wazee wangu, akina mama na vijana wa vikundi, leo tuongee juu ya mkaratusi, ule tunaouita bulugamu. Mti huu kwa wengi wetu ni benki. Ukikomaa unatoa nguzo, fito, kuni na karo ya shule. Lakini kuna mdudu anayeiba akiba hiyo mti ukiwa bado mchanga.

Mdudu mwenyewe ni aina ya nyigu, ila si yule wa darini anayeuma watu. Huyu ni mdogo sana, urefu wake milimita moja na kidogo tu. Kwao ni Australia, kama mkaratusi wenyewe. Hapa Kenya alionekana mwaka wa 2002, upande wa magharibi.

Anaharibu namna gani? Jike hutaga mayai ndani ya jani changa, kwenye mshipa wa katikati, au kwenye kikonyo na vitawi laini. Mara nyingi hahitaji hata dume. Pale penye yai panavimba, panakuwa kinundu: kwanza cha kijani, halafu chekundu, mwisho rangi ya kahawia. Funza anakaa humo anakula. Baada ya miezi minne hivi nyigu mpya hutoka, akiacha tundu dogo. Majani yanajikunja, ncha inakauka, mche unadumaa. Mti mkubwa huvumilia. Wanaoumia ni miche ya kitaluni, miti michanga shambani na machipukizi ya visiki.

Mtaniuliza, "Si tupige dawa?" Funza amejificha ndani, dawa haimfikii kwa urahisi, na gharama yake inaweza kumaliza faida yote. Afrika Kusini mwaka wa 2012 waliachilia nyigu mwingine mdogo ambaye watoto wake hula funza hawa. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Kazi yetu ni hii:

1. Kabla ya kununua, pindua majani ya juu na upapase mshipa wa katikati. Ukikuta vinundu, usilipe.

2. Muulize afisa wa misitu ni aina gani inayostahimili mdudu huyu. Si mikaratusi yote hushambuliwa sawasawa.

3. Msitegemee mti mmoja. Changanyeni na grevilea, au lusiola, ambao Wajaluo huuita siala.

4. Miche yenye vinundu kitaluni ing'olewe na kuchomwa siku hiyohiyo. Isitupwe kando ya ua.

Hili la nne ndilo gumu, najua. Mmechota maji kiangazi chote, pesa za kikundi zimeingia humo, na sasa mwenyekiti anasema choma. Lazima atokee mtu wa kusema tuiuze haraka sokoni kabla watu hawajajua. Ndugu zangu, mdudu huyu husafiri mbali kwa sababu sisi tunabeba miche. Ukimuuzia jirani mche mgonjwa, umechukua pesa yake leo na karo ya mtoto wake kesho, na nyigu watarudi kwako pia.

Basi, mkutano ujao chagueni watu wawili wa kukagua kitalu kila wiki. Na wakisema ichomwe, kikundi kizima kibebe hasara pamoja, asilaumiwe mmoja.

Mungu awabariki.