Mtoto Akichaguliwa Kuja Hapa, Mzazi Aulize Nini?

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, mwalimu mstaafu wa Hisabati, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya swali ambalo kila mmoja wetu huulizwa angalau mara moja kwa mwaka. Aghalabu huja mwezi wa Desemba, majina ya watoto waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza yanapotangazwa. Simu inalia. Ni shemeji, au jirani, au mzee tunayesali naye. "Mwalimu, kijana amechaguliwa shule yenu. Tumpeleke?" Na wengi wetu hujibu hata kabla swali halijakwisha: "Mpeleke! Ile ndiyo shule!" Kisha yanafuata majina ya mawaziri, majaji na maprofesa.

Ndugu zangu, huyo aliyepiga simu hakuuliza habari za mawaziri. Anataka kumtoa nyumbani mtoto wa miaka kumi na mitatu, ampakie basi la safari ya siku nzima, akabaki na watu asiowajua kwa miaka minne. Anastahili jibu lililo bora zaidi.

Kwa faida ya wageni wetu, nieleze kwanza jinsi mambo yalivyo. Serikali inazo shule chache ambazo kwa miaka mingi zimeitwa shule za vipaji maalumu. Za wavulana zinazotajwa sana ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora. Za wasichana ni Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Mtoto hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wenye masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Daraja A huanzia alama 241, na wanaopangwa katika shule hizi hutafutwa miongoni mwa walio juu kabisa. Mzazi hapelekwi kwenye usaili wala halipi fomu. Shule ndiyo inayomchagua mtoto.

Hata hivyo uamuzi wa mwisho bado ni wa mzazi, maana siku hizi anazo njia nyingine. Ipo shule ya kata pale karibu na nyumbani, zipo seminari, zipo shule za binafsi zinazodai mamilioni kwa mwaka. Huku kwetu ada ilifutwa tangu Januari 2016 kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Kabla ya hapo mtoto wa bweni alilipa shilingi 70,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 ada ikafutwa na kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini godoro, shuka, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi, sare na nauli ya kwenda na kurudi ni juu ya mzazi, na mkulima mwenye watoto wanne huviona vizito kuliko ada yenyewe. Kwa hiyo hata pasipo ada, mzazi anatoa gharama, na anayo haki ya kuuliza anachokipata.

Sasa majina makubwa. Ni ya kweli, na heshima hiyo hakuna wa kuiondoa. Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 ili kusomesha watoto wa machifu, na Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942. Kibaha ilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, ikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Ni historia ya kujivunia. Lakini Mwalimu Nyerere hatamfundisha Fizikia mtoto wa shemeji yako mwaka huu. Atafundishwa na mwalimu aliyepo, kama yupo.

Na sisi wenyewe, wenzangu, ni mashahidi dhaifu. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1979. Naweza kueleza kwa kinaganaga habari za shule ya 1979: mpishi alikuwa nani, mwalimu gani alikuwa akiingia darasani bila kitabu na kufundisha kutoka kichwani, shamba la mahindi liliishia mti gani. Nikiulizwa habari za bweni lile lile hivi leo, sina la kusema zaidi ya kwamba limepakwa rangi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "shule ni nzuri?" hueleza ujana wake.

Basi watu wengi hukimbilia matokeo. Hapa niruhusuni niseme kama mwalimu wa Hisabati, maana nimefundisha somo hilo miaka 31, na kumi na miwili ya mwisho katika shule ya kata.

Tuchukue mfano. Shule moja inapokea watoto 100, wote wenye A. Baada ya miaka minne, 90 wanapata Daraja la Kwanza. Shule ya pili inapokea watoto 100, wengi wenye C, yaani alama 121 hadi 180 kati ya 300. Baada ya miaka minne, kumi wanapata Daraja la Kwanza na thelathini Daraja la Pili. Magazeti yataisifu ya kwanza. Mimi nitauliza: wale kumi wa shule ya kwanza walioingia na A na kutoka bila Daraja la Kwanza wamepatwa na nini? Na wale wa shule ya pili walioingia na C, nani aliwanyanyua? Mkulima aliyepewa mbegu bora na shamba lenye maji hasifiwi kwa kuvuna tu; tunatazama amevuna magunia mangapi kwa eka. Wengine wetu hapa tumezoea kuzicheka shule za kata. Nimefanya kazi humo. Zipo ambazo zimemwongezea mtoto mambo mengi kuliko sisi tunavyowaongezea hawa wenye A.

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Baadhi yetu tulisikitika, maana tulizoea kuitafuta shule yetu katika orodha ile. Mimi niliona ni sawa. Orodha ile ilikuwa ikituonyesha zaidi nani alipewa watoto gani.

Hilo Daraja la Kwanza lenyewe lina upana wake. Linachukua pointi 7 hadi 17, kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye A saba ana pointi 7. Mwenye B nne na C tatu ana pointi 17, naye pia ni Daraja la Kwanza. Na C huanzia alama 45. Somo la nane na la tisa, hata likiwa Hisabati, laweza kujificha nyuma ya hayo saba. Kwa hiyo mzazi asiridhike na kuambiwa "wamepata Daraja la Kwanza 90". Matokeo ya kila shule hutolewa hadharani, namba kwa namba na somo kwa somo. Atazame pointi. Atazame Hisabati na Fizikia peke yake. Kisha afanye kazi moja ambayo wachache huifanya: achukue matokeo ya Kidato cha Pili ya darasa fulani, ayalinganishe na matokeo ya Kidato cha Nne ya darasa lile lile miaka miwili baadaye. Wametoka na idadi ile ile? Wamepanda au wameshuka? Hapo ndipo kazi ya shule yenyewe huonekana kidogo, ingawa hata hapo yapo masomo ya ziada ya likizo ambayo mzazi alilipa mfukoni mwake, na sifa ikachukuliwa na shule.

Lipo jambo la lugha, na hili nalitia mkazo. Watoto wengi wanaokuja hapa wamesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Wengine wametoka shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Wanaketi dawati moja, na kuanzia wiki zile za kwanza karibu masomo yote yanakuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyekuwa bingwa wa kutafuta kigawe kidogo cha shirika anasomewa swali lile lile kwa maneno ya kigeni, anakodoa macho. Jirani yake, ambaye hesabu hakuiweza kumzidi, ananyosha mkono. Baada ya mwezi mmoja wote wawili wamekwisha kuamini kwamba mmoja ana akili na mwingine hana. Mzazi aulize: shule hii inamfanyia nini yule wa kwanza katika miezi mitatu ya mwanzo? Ina kozi ya lugha ya kweli, au wiki mbili za kuandika kumbukumbu na kufyeka majani? Akijibiwa kwamba "hawa ni vipaji, watazoea wenyewe", na ajue hakuna mpango.

Mpwa wangu alichaguliwa katika mojawapo ya shule za namna hii, sitaitaja. Tangu Darasa la Kwanza hadi la Saba hakujua nafasi nyingine ila ya kwanza. Muhula wa kwanza akawa wa 104 kati ya 118, na orodha ikabandikwa ukutani penye njia ya kwendea bwaloni, akaipita mara tatu kwa siku. Alirudi likizo hasemi, hali vizuri. Dada yangu alidhani ni malaria, akampeleka kupimwa. Hakuna mtu shuleni aliyemketisha akamweleza jambo jepesi kabisa: kwamba ukiwaweka watu 118 waliokuwa wa kwanza katika chumba kimoja, lazima mmoja wao awe wa 118. Likizo ilipokwisha alikataa kurudi. Akasoma shule ya kata pale kijijini, akamaliza na Daraja la Pili, na leo ni mpima ardhi. Hakuharibikiwa. Lakini shule ile ilipewa mtoto mwenye A, ikamrudisha nyumbani akiwa amekunja mikono, na katika hesabu zake za mwaka haikumwandika popote.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mkuu wa shule yoyote inayochagua watoto ni hili: katika Kidato cha Kwanza, wa mwisho ni nani, na nani anashughulika naye? Mkuu akilijua jina, au akamwita mwalimu wa darasa anayelijua, moyo wangu hutulia. Akianza kunieleza habari za aliyeshika nafasi ya kwanza, naomba maji ya kunywa na kuaga. (Ndugu Mkuu wa Shule ananitazama. Asiwe na wasiwasi, nilimwuliza jana jioni, na jina alilijua.)

Mzazi akiweza, aje mwenyewe, na aje siku ya kawaida. Siku ya mahafali hata choo hunukia maua. Aje Jumanne. Aombe kuona daftari moja la Hisabati la mtoto yeyote, atazame wino mwekundu na tarehe zake. Aingie maktaba, afunue kitabu kimoja cha rafu ya kati, aone kiliazimwa lini mara ya mwisho. Maabara iwe na harufu ya kutumika. Ahesabu walimu kwa masomo, maana shule yaweza kuwa na walimu sita wa Historia na mmoja wa Fizikia, na ukiambiwa jumla yao utasema wanatosha. Aulize maji hutoka wapi bomba likikauka, na mtoto akiugua saa nane usiku nani ana ufunguo. Prepo ya usiku husimamiwa na mwalimu wa zamu au na kiranja peke yake?

Juu ya mateso ya njuka, asimwulize mwalimu wala kaka mkuu. Amtafute kijana wa Kidato cha Pili, ambaye mwaka jana alikuwa njuka mwenyewe na bado hajasahau. Ninyi vijana mlio nyuma, mnacheka; mnajua nasema nini. Mkiulizwa na mzazi wa mtu, mwambieni kweli. Hamtakuwa mmeisaliti shule.

Baada ya yote hayo mimi mwenyewe ningemjibu nini yule shemeji? Ningemwambia hivi. Kama kijana anapenda kusoma peke yake, amekwisha kulala nje ya nyumbani, na shule imejibu vizuri habari za lugha na za wa mwisho, mpeleke. Kukaa miaka minne na wenzake wanaomshinda ni elimu asiyoweza kuipata kwingine, na kumjua Msukuma, Mpemba na Mmakonde katika bweni moja ni mali. Kama mtoto bado ni mlegevu wa afya, au anahitaji mtu wa kumsukuma kila jioni, na pale kijijini yupo mwalimu hodari wa Hisabati, usione haya kumbakiza. Hajapoteza kipaji chake kwa kukosa godoro letu.

Ndugu Mwenyekiti, nina hoja. Gazeti letu hili hutoa kila mwaka kurasa nyingi za picha za chakula cha jioni. Napendekeza litoe ukurasa mmoja kwa ajili ya wazazi: walimu wangapi kwa kila somo, watoto wangapi waliingia Kidato cha Kwanza na wangapi kati ya hao walifika cha Nne, pointi za darasa lile lile katika Kidato cha Pili na cha Nne, kozi ya lugha ilichukua wiki ngapi, maji yalikatika siku ngapi, na mengine kama hayo, mistari tisa kwa jumla. Rasimu ninayo. Ndugu Mkuu wa Shule amekwisha kuijaza mistari minne. Mitano iliyobaki amesema itabidi kwanza wakahesabu. Nakala arobaini ziko kwa Katibu, na naomba mkutano uiamue hoja hii kabla hatujakwenda kula.