Kolera si desturi ya Bukama



Tunasikia watu wanasema: "Kolera? Iko siku zote, ni kama mvua." Sisi tunakataa. Ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza ni maji, chumvi na sukari hauwezi kuitwa desturi.

Mwaka 2008 mtafiti wa kwetu Congo, Didier Bompangue, na wenzake waliandika kwamba kando ya maziwa ya mashariki ndipo kolera inapobaki wakati pengine imekwisha. Na sisi tuko wapi? Reli inakutana na Lualaba hapa hapa Bukama, na mto unashuka mpaka kwenye maziwa, Upemba na Kisale. Samaki wanapanda treni, abiria wanapanda, kolera nayo inapanda bila tiketi. Mwaka 2017 ilishika karibu inchi yote, watu zaidi ya 1,000 wakakufa.

Inaingia kwa mdomo. Si uchawi, si upepo. Inaingia na maji ya mto, lakini pia na chakula: bukari iliyoshikwa na mikono isiyonawa, sombe iliyolala usiku kucha bila kupashwa moto tena, samaki asiyeiva. Tena wengi walio nayo hawaharishi, ama kidogo tu, na bado wanaiacha ndani ya maji.

Nani anaumia zaidi? Mvuvi wa Kisale anayelala juu ya nyasi zinazoelea: huko atachimba choo wapi? Mtoto mwenye utapiamlo. Mzee. Mama mwenye mimba, ambaye anaweza kupona yeye na kupoteza mtoto. Na kila anayekaa mbali na kituo cha afya, sababu kolera kali inaua ndani ya saa chache, na mtumbwi hauna haraka. Wanaotunzwa mapema na vizuri, hafi hata mmoja kwa mia.

Kwa hiyo mgonjwa aanze kunywa akiwa njiani: litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Maombi yafanyike ndani ya mtumbwi, si kabla ya mtumbwi.

Sisi tuko na diplome, kazi hatuna, basi muda tunao. Tutapita mlango kwa mlango kueleza haya. Lakini kumwambia mama anawe mikono na bomba hakuna, ni kumchekelea.

Wakubwa wa teritware na wa jimbo kule Kamina, tunataka klore mahali watu wanapochota maji, na serumu ndani ya kambi za wavuvi kabla ya mvua. Tena bajeti ya jimbo isomwe mbele ya watu: maji ya Bukama yameandikiwa franga ngapi? Tunangoja jibu, na liwe kwa maandishi.