Mtu akitoka kikaoni, anafanya nini?

Maneno yaliyotolewa Bunia, Ituri, mbele ya wahamasishaji wa amani kutoka Djugu, Irumu na Mahagi



Tunajua hali ya barabara, hasa kwa waliotoka upande wa Fataki na Drodro, na tunajua wengine wenu mmeacha mashamba. Kwa hiyo hatutazunguka.

Kazi yetu sote, ninyi mlioketi hapa na sisi tunaosimama mbele yenu, ni kukutanisha watu. Tunaita kikao, tunawaketisha Wahema na Walendu chini ya mti mmoja au ndani ya kanisa moja, tunawaomba waseme yaliyo moyoni. Jioni tunaandika ripoti: waliohudhuria ni wangapi, wanawake wangapi, mazungumzo yalikwenda vizuri. Kesho yake tunaenda kijiji kingine. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mauaji yaliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, vikao vya namna hii vimefanyika vingi sana katika Ituri. Swali tulilowaletea leo ni moja. Mtu akitoka katika kikao chetu, anafanya nini? Hatuulizi anasema nini. Tuwe wakweli: mtu aliyepewa soda na posho, ukimwuliza kama kikao kilikuwa kizuri, atajibu kilikuwa kizuri sana. Nani angejibu vingine?

Wako watu waliolichukua swali hilo kwa uzito, na mmoja wao alilichunguza hapa kwetu mashariki mwa Kongo. Ni mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck. Lakini alianzia Rwanda, na sisi tuanzie huko.

Mwaka 2004 redio za Rwanda zilianza kutangaza mchezo unaoitwa Musekeweya. Ndani yake kuna vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania bonde lenye rutuba. Bila shaka mmekwisha kutabasamu, maana hata hapa ugomvi mwingi huanzia shambani. Paluck aligawa jamii kwa kura: nyingine zilisikiliza Musekeweya kwa mwaka mzima, nyingine zikasikiliza mchezo mwingine uliohusu afya. Mwisho wa mwaka akalinganisha. Yale ambayo watu waliamini moyoni hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona desturi ya jamii yao: watu kama sisi hufanya nini, ni jambo gani linakubalika kwetu. Na matendo yao yalibadilika pia. Kila kundi lilipewa zawadi ya redio, betri na kanda za mchezo ule, bila kuambiwa nani azitunze. Makundi yaliyosikiliza mambo ya afya yalikubali upesi wazo la kwanza, yaani kiongozi wa kijiji azishike. Yaliyosikiliza Musekeweya yalibishana, mtu akasimama kupinga wazo la kwanza, na wakapanga kutunza na kutumia vitu vile kwa pamoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Betri na kanda ni vitu vidogo, lakini ndivyo vilivyoonyesha nani anaruhusiwa kusema hapana mbele ya mkubwa. Sisi tuliokumbuka jinsi vijana wa Ituri walivyokusanywa na wakubwa wao kuingia katika makundi ya silaha hatuwezi kulidharau jambo hilo.

Sasa tuje kwetu. Mashariki mwa Kongo kulikuwa na mchezo mwingine wa redio wenye nia ile ile, jina lake Kumbuka Kesho. Safari hii Paluck alitaka kujua jambo moja zaidi: je, tukiwatia watu moyo wazungumze baada ya kusikiliza, faida itaongezeka? Katika maeneo yaliyochaguliwa kwa kura, baada ya mchezo kilifuata kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane na wajaribu kuelewa upande wa pili. Katika maeneo mengine ulisikika mchezo peke yake. Hayo nayo yalichukua mwaka mzima.

Kila mmoja wetu humu ndani angetabiri kwamba waliozungumza wangekuwa wapole zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa kinyume. Waliosikia kipindi cha mazungumzo walizungumza zaidi, ni kweli, lakini uvumilivu wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, malalamiko ya zamani yaliwajaa zaidi kichwani, na utayari wao wa kusaidia watu wasiowapenda ulipungua. Hilo la mwisho lilipimwa kwa chumvi: mtu alipewa chumvi, kisha akaulizwa kama angetoa sehemu yake kwa watu wa kundi asilolipenda. Waliozungumza zaidi ndio walioshikilia chumvi yao.

Tunaomba tusilipite jambo hili haraka. Halisemi kwamba mazungumzo ni mabaya. Linasema kwamba kikao si dawa kwa sababu tu ni kikao. Ukimfungulia mtu mdomo juu ya jirani yake bila kumwonyesha njia ya kufikia mahali, atafungua kwanza ghala la machungu: nani alichoma nyumba, ng'ombe walikwenda wapi, nani alimzika nani. Wenzake wataitikia. Atarudi nyumbani akijua kwamba hayuko peke yake katika hasira yake, na ujuzi huo una nguvu kuliko hotuba yetu ya kufunga kikao. Hayo ni maelezo yetu sisi, na huenda ninyi mnayo bora kutokana na mliyoyaona.

Mama mmoja anaweza kuuliza hapa: basi tunyamaze? Hapana, mama. Kuna uchunguzi mwingine, uliofanyika Kivu na kuchapishwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake. Waliuendesha kati ya wanawake 405 waliopata ukatili wa kingono. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja: kusikilizwa na kushauriwa. Katika vingine waliketi kwa makundi madogo wakafuata matibabu yenye hatua zilizopangwa, wakijifunza kuyatazama mawazo yao, kwa mfano wazo la kwamba yaliyowapata ni kosa lao, na kuyapima moja moja. Miezi sita baada ya matibabu, asilimia 42 ya kundi la kwanza bado walikuwa na dalili za huzuni kali au wasiwasi mkubwa. Katika kundi la pili ilikuwa asilimia 9. Na waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongomani wenye masomo ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Wale wanawake pia walizungumza. Tofauti ilikuwa ni mazungumzo gani, kwa hatua gani, na nani anamshika mkono anayesema.

Kuna la tatu, nalo linatoka hapa hapa Ituri. Mwaka 2009 Cindy Mels na wenzake wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1046 wa sekondari katika shule 13 za Ituri. Asilimia 95 walikuwa wamepitia angalau tukio moja la kutisha, na zaidi ya nusu walikuwa na dalili za mshtuko ambao haujapona. Hilo halimshangazi mtu wa Bunia. Linalofaa kazi yetu zaidi lilichapishwa mwaka 2014, baada ya wasichana zaidi ya 1300 wa shule za Bunia kuulizwa kuhusu ukatili wa kingono. Zaidi ya theluthi moja walisema umewapata. Lakini afya yao ya moyo haikuhusiana na tendo lile peke yake: ilihusiana sana na taabu za kila siku na jinsi watu wanavyowanyanyapaa. Kwa lugha yetu, msichana anaumizwa mara moja na mtu mwenye silaha, kisha kila siku na jirani asiye na silaha.

Kwa hiyo tunapopanga programu ya mwaka huu kwa vijiji ambako watu wanarudi kutoka kambini na kukuta shamba linalimwa na mwingine, tunapendekeza kikao kisianze kwa swali la nani alifanya nini. Kianze kwa kazi inayowahusu wote wawili: kisima, daraja, njia ya sokoni, karo ya watoto. Machungu yapewe nafasi yake, katika makundi madogo, pamoja na mtu aliyefundishwa kuyapokea, wala si mbele ya umati wenye simu mkononi. Tena wawepo watu wa kijiji hicho hicho, mkulima kwa mfugaji, ambao tayari wanauziana maziwa na mihogo, wasimame waonekane. Desturi mpya hujulikana kwa kuonwa.

Na tupime. Tuhesabu ni wangapi wamevuka kwenda soko la upande wa pili mwezi huu, mashamba mangapi yamerudishwa, mara ngapi mtu alimwonya jirani wa kabila lingine kabla ya shambulio. Hesabu hizo zifanywe katika vijiji vyenye vikao na katika vile visivyo navyo bado, maana bila kulinganisha hatutajua kama mvua imeletwa na sisi au ilikuwa inakuja tu.

Tunajua baadhi yenu mtasema si haki kijiji kimoja kianze na kingine kingoje. Hatuna watu wa kutosha kuanza kote kwa siku moja, kwa hiyo kungoja kutakuwepo hata tusipopiga kura. Kura inatuepusha tu na lile neno tunalolijua wote, kwamba wametangulia wa kwao. Majina ya vijiji yameandikwa kwenye vikaratasi. Baada ya chakula, mzee mmoja wa Djugu na mama mmoja wa Irumu watavichota mbele yenu, na kijiji kisichotajwa leo kitaingia katika awamu ya pili. Maswali kwanza, tafadhali.