Mayai ya Ndege Nayo Yalindwe

Msikilizaji, Lamu imekwisha kuonyesha kwamba mvuvi akishirikishwa huwa mlinzi hodari wa bahari. Shirika la uhifadhi wa bahari la LaMCoT la Shela, lililoanzishwa mwaka 1992, limefanya kazi na wavuvi wenyewe: anayeona kiota cha kasa na kutoa taarifa hupewa kifuta jasho. Kiota kilicho mahali maji makuu yanapofika huhamishiwa mchanga wa juu, na baada ya takriban miezi 2 watoto wa kasa hutoka na kushika njia ya baharini.

Ndege wa bahari nao wanastahili ulinzi kama huo. Kwenye visiwa vidogo vya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, buabua hutaga chini, juu ya mawe na kati ya majani, bila kiota cha maana. Mtu akishuka chomboni kuokota mayai, au akiwatimua tu jua likiwa kali mayai yakabaki wazi, uzazi wa msimu mzima huweza kupotea.

Hasara hiyo ni ya mvuvi pia. Buabua wakijitosa kwa wingi mahali pamoja, nahodha hujua samaki wapo.

Basi kamati za fukwe na vilabu vya mazingira mashuleni vishirikiane kuwahesabu ndege hao na kuvilinda visiwa hivyo. Nawe nahodha, ukiona ndege wanaotaga, tia nanga mbali, na mayai uyaache.