Tuta la Reli Lisimegwe Viwanja

Reli ya TAZARA inayopita Mbeya ni ya treni, na ibaki hivyo, isigeuzwe njia ya baiskeli. Ninayoisikitikia ni ile ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Treni haiwezi mlima mkali, hivyo tuta la reli hiyo, lisilo na mwinuko mkali, lingemfaa sana mwenye baiskeli na gunia lake la korosho. Marekani, tangu 1983, sheria inaruhusu njia ya reli iliyoachwa itumiwe na waendao kwa miguu na baiskeli, huku ardhi ikihifadhiwa ili treni iweze kurudi. Nasi tuipime ardhi ya tuta la Mtwara sasa, kabla haijamegwa viwanja. Na hapa Ilomba, Mbeya, wapanda baiskeli wanaobanana na malori ya Tunduma watengewe njia yao.