Mkongojo Huzama Mchangani

Hotuba za tarehe 3 Desemba mmezisikia. Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu imepita, maturubai yamekunjwa, viti vya plastiki vimerudi kwa wenyewe. Nani alisema nini, hatutarudia. Redio hii ina swali moja tu, tuliliuliza mwaka juzi na mwaka jana tukaliuliza tena. Zile baiskeli za magurudumu matatu wanazokabidhiwa walemavu mbele ya kamera, ni ngapi zinaweza kutembea Magara?

Mnaijua Magara yetu, hapa Burundi. Mlima unaanzia mgongoni mwa barabara ya Rumonge, ziwa linaanzia miguuni mwake. Ukipanda ni mwinuko, ukishuka ni mchanga. Palipo tambarare ni barabarani tu, na barabarani kuna malori. Basi baiskeli inalala chini ya mwembe, kuku wanataga kwenye kiti chake, na mwenyewe amekaa pembeni anaiangalia. Hakuna aliyemwuliza anataka kufanya kazi gani.

Hatuna ugomvi na baiskeli. Ugomvi wetu ni hilo swali lisiloulizwa.

Chukueni kijana wa pikipiki wa pwani yetu hii. Jana alikuwa akibeba abiria na mikungu ya chikichi kwenda Rumonge. Leo lori limempitia, mguu umekatwa juu ya goti. Hospitali wamefanya yao. Akibahatika atafika Gitega, kwenye kituo cha taifa cha viungo bandia, arudi na mguu wa kutembelea. Halafu? Halafu mama yake anamlisha. Majirani wanapita kumpa pole, wanamwambia Mungu yupo. Yupo, ndiyo. Lakini kufika mwezi wa tatu majirani hawapiti tena, na kijana mwenyewe ameshaanza kujihesabu kuwa amekwisha.

Hapo anahitaji mtu. Daktari ameshamaliza kazi yake, padri na shehe wameshaomba. Anahitaji mtu aliyekatwa mguu kabla yake na akarudi kazini kabla yake, aje akae naye mkekani amwambie: ndugu yangu, mkongojo huzama mchangani, kwa hiyo funga kipande cha tairi chini yake, kiwe kipana. Nyavu hushonwa mtu akiwa amekaa. Betri za taa za wavuvi huchajiwa mchana, na anayezichaji hatakiwi kuwa na mbio, anatakiwa kuaminika. Ukitaka kibanda cha Lumicash, usikiweke mwaloni, kiweke panaposimama magari, maana kule chini hutapanda na pesa jioni bila kumwomba mtu akushike mkono. Siku ya kwanza watu watakutazama. Siku ya kumi watakukopa.

Mtu huyo ana jina la kazi: mshauri wa kazi kwa watu wenye ulemavu. Jina refu, najua. Kwingine duniani analipwa mshahara. Kwetu anafanya bure, akipata nafasi, na hakuna anayemjua isipokuwa aliowasaidia.

Badala yake tunaletewa semina. Anakuja mtaalamu kutoka Bujumbura na projekta yake na posho yake. Siku mbili, hoteli ya ufukweni, somo la ujasiriamali. Watu wanasaini karatasi, wanapewa soda, wanapigwa picha. Mtaalamu mwenyewe hajawahi kushika mkongojo, na hakumwuliza mtu yeyote anataka kufanya kazi gani.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila mwenye projekta angepaswa kukijua. Ed Roberts alipata polio mwaka 1953, akiwa na miaka 14. Alipooza kuanzia shingoni, usiku akilala ndani ya mashine ya kumpumulisha. Alipotaka kwenda chuo kikuu cha Berkeley, idara ya jimbo la California inayowapatia walemavu masomo na kazi ilimkatalia msaada. Mshauri wake wa idarani aliona ulemavu wake umezidi, kwamba huyu hatafanya kazi kamwe. Roberts alipigana mpaka akasoma. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifungua kituo ambacho walemavu walikuwa wakishauriwa na walemavu wenzao. Na mwaka 1975 gavana akamteua kuwa mkuu wa idara. Idara ipi? Ile ile.

Mtasema hiyo ni Marekani. Haya, njooni Kenya. Henry Wanyoike alilala anaona, akaamka haoni. Ilikuwa mwaka 1995, naye ni kijana, mkimbiaji. Alipelekwa Machakos kujifunza kufuma masweta, na huko kwenye uzi ndiko alikoanza kusimama tena. Mwaka 2000 alikwenda Sydney, Michezo ya Paralimpiki, mita 5000. Asiyeona hukimbia na kiongozi anayeona. Karibu na mwisho kiongozi wake akaishiwa nguvu. Wanyoike, asiyeona, akamvuta mwenzake mpaka mstari wa mwisho, akachukua dhahabu.

Kipofu akamvuta anayeona. Sitaongeza neno.

Sheria tunazo. Burundi iliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatunga sheria yake ya haki hizo. Jirani zetu Tanzania, tangu 2010, wanamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri walemavu asilimia 3. Vizuri sana. Lakini hapa mwaloni, nani ana wafanyakazi 20 kwenye daftari? Kazi zetu ni mtumbwi, ni ndagala juani, ni mawese, ni kibanda. Kazi za namna hiyo haziletwi na asilimia. Zinaletwa na mtu anayemjua mwenye mtumbwi na anayemjua kijana, akaenda kwa wote wawili kwa miguu yake, au kwa mkongojo wake.

Wavuvi wananielewa. Ziwa likifungwa miezi 3 ili samaki wazaliane, wanaume wenye miguu miwili na mikono miwili huja hapa redioni kulalamika kwamba hawajui washike kazi gani. Tunawasikiliza, tena tunawaunga mkono. Kijana wetu wa pikipiki amefungiwa ziwa lake na hakuna aliyemtajia tarehe ya kufunguliwa.

Tuna msemo, hujafa hujaumbika, na tumeufanya tishio la kumnyamazisha anayewacheka walemavu. Usikieni upya. Unatuhusu sisi wenye viungo vyetu, tunaopanda pikipiki kila siku kwenye barabara ile ile.

Basi, mkuu wa tarafa, usitununulie baiskeli nyingine kabla ya kuuliza. Uliza! Tafuta katika kila mtaa mtu mmoja mwenye ulemavu anayejitegemea kwa kazi yake. Wapo, tunawaona. Mpe kazi ya kuwatembelea wenzake wapya, na umlipe. Mlipe kama unavyomlipa yule wa projekta. Basi hata nusu yake! Mpe nauli, mpe simu, na hospitali zimwite mgonjwa akiwa bado kitandani, zisingoje mwezi wa tatu.

Wenye mitumbwi, akija kwenu msimpe sarafu. Mpeni wavu uliochanika, mwone.

Na wewe mshona nyavu wa mkongojo, unayetusikiliza sasa hivi na redio imening'inia kwenye mtumbwi: kuna kijana amelala ndani nyumba ya tatu kutoka kwako. Nenda leo. Chukua na kipande cha tairi.