Msaragambo wa Wananchi na Ahadi ya Halmashauri



Katika vijiji vingi vya Tanzania liko boma la darasa lisilo na paa. Kuta zimefika kwenye linta, madirisha yako wazi, na mbuzi hujikinga jua ndani yake. Wananchi walichoma tofali, wakasomba mchanga na maji, wakamlipa fundi kwa michango yao. Kilichosalia ni kenchi na bati, ambavyo halmashauri ya wilaya ilikubali kuvitoa. Masika yakipita mara mbili juu ya kuta zilizojengwa kwa udongo, kazi ile huanza kumomonyoka. Nayo si hasara ya tofali peke yake. Mtu aliyetoa siku zake kumi bila malipo, kisha akaziona zikiyeyuka kwa mvua, hatoki tena mbiu ikilia.

Wanaushirika wanaifahamu hali ya chombo cha wananchi kinachoamuliwa mambo yake na wengine. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika vikafuata mwaka 1976. Vyote vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Kazi ya kujitolea ilipata uzito mpya ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, shule za kata zikajengwa kwa wingi. Wananchi walitoa nguvu na vifaa vya mahali, Serikali ikachangia fedha. Utaratibu huo haukuwa mbaya. Penye udhaifu ni katika kalenda. Mkulima wa sehemu nyingi hupata nafasi baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, lakini makisio yake hutayarishwa miezi kadhaa kabla. Halmashauri inayopiga mbiu ya msaragambo mwezi Agosti, ilhali bati hazimo katika makisio yaliyokwisha kupitishwa, inawaita watu kujenga jengo ambalo huenda lisiezekwe kabla ya mwaka mwingine.

Basi ahadi itangulie jembe. Diwani na mtendaji waieleze mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, nayo iandikwe katika muhtasari: bati ngapi, mwezi gani, nani atazipokea. Mhandisi naye afike kabla msingi haujachimbwa. Akija kuta zikiwa zimesimama, aghalabu kazi yake huwa ni kukataa tu. Taarifa za ofisi hupenda kuwaita watu hawa “nguvukazi”, neno linalosahau kwamba wana mashamba yao pia. Siku walizofanya kazi zihesabiwe na kutiwa katika hesabu za mradi kama mchango mwingine wowote.

Hapo chama cha msingi kina nafasi yake. Kina ghala lisilovuja la kuhifadhi saruji, na mtunza ghala aliyezoea kuandika kilichoingia na kilichotoka. Bodi ya Chama yaweza kukikopesha kikundi cha ujenzi ghala na daftari, bila kukitawala. Na makisio ya halmashauri yanapoanza kutayarishwa, wajumbe waulize mapema kama bati za boma lao zimeandikwa.